Kalamu Moja, Hukumu Mbili: Wahakiki wa Kiswahili na Wimbo wa Kanda

Mwaka 1971 ilichapishwa diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, Malenga wa Mvita, chini ya uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin. Diwani hiyo iliingia madarasani, ikahakikiwa, na hadi leo mhadhara wa ushairi wa Kiswahili unaomruka mtunzi wake huonekana kuwa na pengo. Mtunzi huyo huyo alimtungia jamaa yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, nyimbo za taarabu zilizoimbwa katika arusi za pwani, zikarekodiwa, zikauzwa madukani, zikasikilizwa Mombasa na ng'ambo ya bahari na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuifungua diwani. Tungo hizi za pili hazina mhadhara. Kalamu ni moja, lahaja ni moja, ustadi wa vina na mizani ni mmoja. Kilichotofautiana ni chombo. Idara za Kiswahili zimehukumu kwamba kilichomo karatasini ni fasihi na kilichomo kwenye kanda ni burudani, na ni vigumu kuonyesha mahali hukumu hiyo ilipotetewa kwa hoja. Imekuwa ikitekelezwa tu.

Chimbuko lake halihitaji kutafutwa mbali. Mnamo 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipotoa hati yao ya kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe huko Nairobi, waliitaka fasihi simulizi ipewe kiti cha heshima katika somo zima, iwe fasihi hai ya watu walio hai. Wataalamu wa Kiswahili walikipokea kiti hicho wakakigeuza kabati. Fasihi simulizi ikagawanywa katika tanzu, tanzu katika vipera, na wimbo ukatengenezewa droo zake: hodiya kwa wafanyakazi, wawe kwa wakulima, kimai kwa mabaharia, nyiso kwa jando, mbolezi kwa matanga, bembelezi kwa mtoto mchanga. Mwanafunzi wa sekondari huyakariri majina haya kwa ajili ya mtihani, na aghalabu huumaliza mtihani bila kuwahi kusikia kimai kikiimbwa. Kisha mwimbaji wa kanda hubisha hodi, na haingii katika droo yoyote. Utungo wake una mwenyewe anayejulikana kwa jina, kwa hiyo si simulizi. Haukuchapishwa, kwa hiyo si andishi. Umepitia studio na kuuzwa dukani, kwa hiyo ni biashara (kana kwamba wachapishaji wa diwani hutoa sadaka).

Ajabu ni kwamba sheria za ushairi zenyewe hazikuutenga wimbo. Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha 1954 kilikuwa msahafu wa wanamapokeo, aliufanya uimbikaji kuwa kipimo cha kwanza; utungo usioimbika hakuuhesabu kuwa shairi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mgogoro ukapamba moto, na kwa miaka mingi wanamapokeo na wanamabadiliko walitoana jasho kuhusu vina na mizani, kila upande ukimtaja Amri kwa sifa au kwa lawama. Hata hivyo, pande zote mbili zilifanya jambo moja bila kuafikiana: zilihesabu silabi kwa macho. Aliyevitetea vina alivitetea vilivyopigwa chapa, na aliyevishambulia alivishambulia vilivyopigwa chapa. Ilhali katika maduka ya Mombasa kama Mbwana Radio Service, vina hivyo hivyo, vya kati na vya mwisho, vilikuwa vikinunuliwa kila siku na wateja ambao hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba ushairi wa arudhi umo hatarini kufa. Mjadala mrefu kuhusu mustakabali wa shairi la Kiswahili uliendeshwa bila kuwasikiliza wale waliokuwa wakiliimba.

Kisa cha Siti binti Saad kinatia aibu zaidi. Mwaka 1928 mwanamke huyu wa Unguja, mzaliwa wa Fumba, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri kwa His Master's Voice, zikawa miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa za Kiswahili. Shaaban Robert, ambaye hakuna idara isiyomtukuza, alimwona kuwa anastahili kitabu kizima, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Idara zilikipokea kitabu kwa mikono miwili. Husomwa kama kielelezo cha utanzu wa wasifu, na wanafunzi hujadili mtindo wa Shaaban, methali za Shaaban na maadili ya Shaaban. Siti mwenyewe hasikiki. Ni kama kuichambua hotuba ya maziko neno kwa neno kisha kukataa kuuliza marehemu alifanya kazi gani.

Huenda ikasemwa kwamba kupuuzwa kwa wimbo ni hasara ya wimbo tu, na kwamba uhakiki wenyewe haukupungukiwa na kitu. La hasha. Uhakiki umejinyima maswali ambayo ukurasa hauwezi kuyauliza, na kubwa miongoni mwake ni swali la nafsineni. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba sauti isemayo ndani ya shairi si lazima iwe ya mtunzi. Hufundishwa, huandika, hupata alama. Kisha hapewi mfano wowote unaomlazimisha kufikiri.

Na mfano upo; dunia nzima inaujua. Wimbo wa "Malaika" ulirekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, na haki ya utunzi wake imegombewa kwa muda mrefu, wengine wakimtaja Adam Salim wa Tanganyika na miaka ya 1940. Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika Kusini na Harry Belafonte, mzaliwa wa New York mwenye asili ya Jamaica, waliuimba katika albamu waliyoitoa pamoja. Kundi la Boney M liliurekodi mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akauweka katika albamu yake Logozo mwaka 1991. Asemaye katika wimbo huo ni kijana asiye na mali, anayeshindwa kumchumbia ampendaye. Kitenzi kinachobeba uchungu wake ni -oa katika hali ya masharti, na Kiswahili hakina simile katika jambo hili: mume huoa, mke huolewa. Makeba, mwanamke, aliimba kitenzi cha mwanamume bila kukigeuza. Belafonte alipokuwa kando yake, mwanamume na mwanamke walikuwa wakitaka kuoa kwa pumzi moja.

Jibu la mvivu ni kwamba Makeba hakukijua Kiswahili. Tuseme ni kweli. Je, mwanamke wa Mombasa au wa Tanga auimbapo wimbo huo huo, kwa kitenzi hicho hicho, mbona msikilizaji Mswahili hashtuki? Angeshtuka mno kama mwanamke huyo angetamka sentensi hiyo sebuleni. Katika wimbo hashtuki kwa sababu amelelewa na sanaa ambayo ndani yake neno "mimi" huazimwa. Hapo ndipo taarabu inapoweza kumfundisha mhakiki jambo ambalo diwani haliwezi kumfundisha.

Inafaa njia ya shairi la taarabu ifuatwe hatua kwa hatua. Mtu mwenye kisa chake, pengine mke aliyeachwa au mpenzi aliyesalitiwa, humwendea mtunzi na kumweleza. Mtunzi hukivua kisa majina na mahali, akakivika mafumbo. Mwimbaji hukipokea na kukitia sauti yake, awe ni wa jinsia ya mwenye kisa au siyo. Kisha siku ya arusi, katikati ya ubeti, msikilizaji ambaye hamjui mwenye kisa wala hakuwahi kukutana na mtunzi, huinuka na noti mkononi, huenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji, humtunza, na kwa jicho au kwa kidole huuelekeza ubeti ule kwa hasimu wake aliyeketi safu ya tatu. Tangu dakika hiyo "mimi" wa shairi ni yeye na "wewe" wa shairi ni yule wa safu ya tatu. Ubeti ufuatao huenda ukatwaliwa na mwingine, kwa ugomvi mwingine kabisa. Shairi moja limekuwa na wasemaji wanne au watano kabla halijamalizika, na hakuna aliyedanganya.

Ni nadharia gani ya nafsineni, iliyokokotwa kutoka vitabuni, inayoweza kulieleza jambo hili? Wahakiki wamezoea kumwuliza msomaji anafasiri vipi. Hapa msikilizaji hafasiri tu. Anasimama na kulitia shairi saini yake hadharani, kwa gharama yake mwenyewe, mbele ya watu watakaomkumbusha kesho. Nadharia za upokezi zilizoagizwa kutoka Ujerumani na kufundishwa kwa heshima kubwa katika semina za uzamili zinazungumza juu ya msomaji anayekamilisha maana akiwa peke yake na kitabu. Kutunza ni upokezi wenye miguu. Semina hizo hazina habari nako.

Jambo hili pia linalijibu shtaka linalorudiwa sana, kwamba taarabu ni maskini wa taswira, kwamba ni yale yale ya ua na tunda, ndege na tundu, chombo na tufani. Aliyelitoa shtaka hilo alikuwa akisoma, hakuwa akisikiliza. Taswira ya siri mno, iliyobuniwa kwa ajili ya moyo mmoja, haiwezi kuazimwa. Mama wa safu ya tano hatainuka na noti yake kwa ajili ya taswira ambayo lazima kwanza aelezwe. Mtunzi wa taarabu anakabiliwa na kazi ngumu kuliko ya mshairi wa diwani. Anatakiwa kuandika maneno yaliyo wazi kiasi cha kutumiwa na watu mia asiowajua, na wakati huo huo yenye ncha kali kiasi cha kumchoma mmoja. Ua na ndege ni vyombo vya kupokezana, vimelainika kwa kushikwa na mikono mingi. Thamani yao hupimwa pale vinapokabidhiwa, na huko mpimaji wa ukurasani hayupo. Kwa kipimo hiki hata umaarufu wa "Malaika" hueleweka vyema zaidi: wimbo wenye maneno machache, taswira mbili tatu zisizo na mwenyewe, na shida ya mali ambayo kila bara inaijua, uliweza kuazimwa na yeyote aliyeweza kuyatamka maneno yake, hata kwa lafudhi mbovu.

Pingamizi la pili ni la adabu. Tangu Muungano na TOT ziliposhindana Dar es Salaam katika miaka ya 1990, Nasma Khamis huku na Khadija Kopa kule, mipasho imekuwa kisingizio cha kuutupa utanzu mzima. Hujulikana wazi kwamba mengi ya mipasho ni matusi yaliyofunikwa kwa kanga nyepesi. Na iwe hivyo. Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, alitunga mizaha, mapenzi, masimango, na vijembe vya kisiasa baina ya Mombasa na mahasimu wake. Tungo zake zilikaa vinywani mwa watu hadi mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya akishirikiana na Mchungaji William Taylor. William Hichens alizichapa mwaka 1940. Mohamed Hassan Abdulaziz wa Chuo Kikuu cha Nairobi alipoandika kitabu chake juu ya Muyaka mwaka 1979, aliuita ushairi huo, katika jina lenyewe la kitabu, kuwa ni ushairi pendwa wa karne ya 19. Wanaouona wimbo wa kanda kuwa duni kwa sababu ni pendwa wanamfundisha Muyaka kila muhula bila kuona mgongano wowote. Muyaka amesamehewa kwa sababu amekufa zamani na amepigwa chapa.

Pingamizi la tatu, la lugha, huelekezwa zaidi kwa vijana wa miji ya bara. Kalamashaka walipotoka Dandora na "Tafsiri Hii" mwishoni mwa miaka ya 1990, na Ukoo Flani Mau Mau walipotoa Kilio cha Haki mwaka 2004, baadhi ya wahakiki walisikia Sheng' na wakaacha kusikia kingine chochote. Lau wangeendelea kusikiliza wangekutana na kioja. Baada ya miaka thelathini ya ugomvi, washairi wasomi wengi walikuwa wameshavitupa vina, na walioviokota walikuwa vijana ambao hawakuwa na habari ya ugomvi huo. Vina vyao huanguka mwishoni na katikati, huvuka kutoka mshororo hadi mshororo, na mizani yao hushikwa na mdundo badala ya hesabu ya silabi. Hilo la mwisho ni jambo kubwa. Mjadala wa mizani ulichukulia kwamba njia ni mbili tu, kuhesabu au kutohesabu. Hawa wameonyesha ya tatu. Na nafsineni wao ni kinyume cha ile ya taarabu. Hutaja jina lake, mtaa wake, marafiki zake waliouawa, hula kiapo kwamba ni yeye na si mwingine. Baina ya "mimi" wa kuazimwa wa pwani na "mimi" wa kiapo wa Dandora ipo tasnifu ya uzamifu inayosubiri mwenyewe. Ilipofika 2018 na kundi la Ethic likatoa "Lamba Lolo", watu wazima walipiga kelele na idara zilinyamaza. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo uhakiki.

Haitakuwa haki kudai kwamba hakuna aliyefanya kazi. Laura Fair alimchunguza Siti katika kitabu chake cha 2001, lakini yeye ni mwanahistoria. Kelly Askew, aliyeandika juu ya muziki na taifa la Tanzania mwaka 2002, ni mwanaanthropolojia, na ndivyo alivyo Mwenda Ntarangwi, Mkenya, aliyeandika juu ya taarabu ya Waswahili mwaka 2003. Kitabu cha Janet Topp Fargion cha 2014 kuhusu taarabu ya Zanzibar kimetoka katika taaluma ya muziki. Kila mmoja aliuendea wimbo kwa swali la taaluma yake, na hakuna wa kuwalaumu kwa hilo. Upande wa fasihi, Said Ahmed Mohamed, yule yule wa Utengano, ameandika kwa kina juu ya ushairi wa taarabu, sehemu kubwa akiwa Bayreuth. Mwandishi wa riwaya aliona ni heshima kuusoma wimbo kama ushairi. Wanaomhakiki yeye katika idara zetu za Kenya huzisoma riwaya zake na kuziacha makala zake hizo.

Matokeo huonekana katika orodha za mada za tasnifu. Mwanafunzi wa uzamili anayependekeza wimbo huulizwa matini yake iko wapi. Akijibu kwamba iko kwenye kanda, huombwa ainukuu kwanza, na akisha kuinukuu hurejeshwa kwenye maudhui na tamathali, yaani huombwa aigeuze diwani ndipo aruhusiwe kuisoma. Sauti huachwa mlangoni. Marudio ya mwimbaji, pumzi anapoikata, neno analolivuta kwa makusudi mpaka fumbo lifumbuke, yote hayo huitwa mambo ya muziki na kusukumiwa idara nyingine. Wengi huchoka, wakaenda kuandika tasnifu nyingine juu ya nafasi ya mwanamke katika riwaya ambayo imekwisha kuandikiwa tasnifu za kutosha.

Kanda nazo hazingoji. Utepe wa sumaku huliwa na joto na unyevu wa pwani, na fundi wa kuutengeneza amekuwa adimu. Bi Kidude alifariki mwaka 2013, Juma Bhalo mwaka 2014. Wapenzi wa taarabu wamejitahidi, kwa mapesa yao wenyewe, kuzihamishia nyimbo kwenye mtandao wa intaneti, na wanastahili shukrani. Lakini nyimbo huwekwa kwa majina ya kubuni, zikikatwa beti, na jina la mtunzi mara nyingi halipo. Halipo kwa sababu hata kwenye karatasi ya kanda halikuwa likiandikwa. Lilijulikana kwa kuulizia: kwa mpiga udi, kwa mwenye duka, kwa shoga wa aliyeagiza wimbo. Watu hao ni wazee sasa. Mwalimu Sikujua alikutana na wazee waliozikumbuka tungo za Muyaka nusu karne baada ya mtunzi kufa, na katika mji mdogo ambamo kila mtu alijua nyumba ya kila mtu. Mtafiti wa leo hana muda huo.

Kazi ya kwanza ingeweza kuanza muhula ujao bila ruzuku ya mtu, kwa sababu nusu ya matini tayari iko rafuni. Zichukuliwe tungo za Ahmad Nassir zilizochapishwa na zile alizoziimba Juma Bhalo, ziwekwe pamoja, na mwanafunzi mwenye masikio aulizwe: ni wapi mtunzi anapokaza fumbo kwa ajili ya msomaji atakayerudi nyuma kulisoma tena, na ni wapi anapolilegeza kwa ajili ya msikilizaji asiyeweza kurudi? Ni ubeti upi mwimbaji ameurudia, upi ameuacha, na ni nani aliyekuwepo pale ukumbini awezaye kusema ulitunzwa na nani na ulimlenga nani?